Mwaka wa Koo la Athman

Siku ya tatu ya matanga ya mama mkwe wangu, Bi Zuhura, nilikuwa nimekaa mkekani ukumbini pamoja na wanawake wenzangu, khitma imekwisha, kahawa inapitishwa, nikamsikia mpwa wa marehemu mume wangu akimnong'oneza jirani yake: "Mungu amrehemu, lakini bibi huyu ndiye aliyetaka kumuua Athman kwa kumkatisha kimio." Hakulisema kwa ubaya. Katika ukoo wetu jambo hilo, la kukatwa kile kinyama kinachoning'inia kooni, husemwa kama watu wasemavyo fulani alikuwa mrefu, au fulani alipenda tambuu. Nimelisikia kwa karibu miaka arubaini, harusini na misibani, na kila nilipolisikia niliinama nikajifanya natafuta kitu mkobani. Siku ile sikuinama. Nilisema, kwa sauti iliyonishtua mwenyewe, "Si yeye aliyempeleka. Ni mimi." Vikombe vilisimama hewani. Mmoja akanishika goti akaniambia pole, akidhani ni uchungu wa msiba unaosema. Jioni Athman alinirudisha nyumbani. Alikuwa amekwisha kuambiwa. Alizima gari mbele ya mlango, akakaa na mikono juu ya usukani, kisha akasema, "Basi nieleze, mama. Yote." Yote ndiyo haya.

Nilimzaa mwaka wa themanini na sita, kusi ikielekea kwisha, nami nikiwa na miaka ishirini. Tulikaa Shela, hapa Malindi, nyumba ya mawe ya kukodi: chumba changu, chumba cha mama mkwe, ukumbi mwembamba kati yetu, na ua wenye jiko nyuma. Ukuta wa chumba changu ulikuwa ukitoa unga wa chokaa. Ukiegemea, bega linabaki jeupe. Mume wangu Swaleh alifanya kazi mashamba ya chumvi huko Gongoni, akija nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumamosi jioni, nyayo zake zimepasuka kwa maji ya chumvi kama udongo wa kiangazi. Kwa hiyo siku nyingi tulikuwa watatu tu, mimi, mama mkwe na mtoto. Na tangu wiki ya pili tulikuwa wanne, kwa kuwa sauti ile ilikuja ikakaa nasi.

Ilikuwa sauti ya kuvuta hewa. Athman akitoa pumzi husikii kitu, lakini akivuta, koo linapiga mlio kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Shimo lililo chini ya koo linabonyea, mbavu zinazama, na mara nyingine mlio unakatika katikati. Hapo ndipo palipokuwa na mauti. Kifua kinaendelea kuvuta, tumbo linapanda na kushuka, lakini hewa haipiti. Mdomo unabadilika rangi, macho yananitazama mimi. Halafu kunatoka kishindo kidogo, kama ulimi unapobanduka kwenye kaakaa lililokauka, na hewa inaingia. Mara ya kwanza nilipiga ukelele uliowatoa majirani. Baada ya mwezi nilikuwa sipigi tena. Nilikaa nikihesabu kimoyomoyo, nikisubiri kishindo kile, na kilipokuja nilijikuta mwenyewe pia nilikuwa nimezuia pumzi.

Daktari alimwangalia kwa muda mfupi, akasema koo la mtoto ni laini, halijakomaa, litakaza akikua. Aliyetueleza hasa ni muuguzi mmoja, Sista Kadzo, mama mnene mwenye mikono mipana, mzaliwa wa upande wa Marafa, Kiswahili chake kina ladha ya Kigiriama. Siku hiyo nilipitia sokoni kabla ya kwenda hospitali, na kwenye mfuko wa nailoni nilikuwa na bamia. Sista Kadzo alizimwaga bamia zangu mezani bila kuniomba ruhusa, akanipa mfuko mtupu. "Puliza," akasema. Nikapuliza, ukajaa. Akatia vitone vya maji ndani, akaubana pande mbili kwa viganja. "Puliza tena." Pande zile ziling'ang'aniana kidogo, kisha zikaachana. Halafu alivunja bamia kwa ukucha, akaupaka ute wake ndani ya mfuko, akaubana. "Haya, puliza." Nilipuliza mpaka masikio yakaziba. Haukufunguka.

"Umeona, mwanangu?" akaniambia. "Koo la mtoto wako ni kama mfuko huu. Akivuta hewa, pande zinaangukiana. Zikiwa na umajimaji mwepesi, zinashikana na kuachana. Zikiwa na balghamu nzito, zinashikana haziachani. Na zikikauka ndiyo balaa kubwa zaidi, maana hapo balghamu inakuwa gundi. Kuanguka kwa koo huwezi kukuzuia. Unachoweza ni kuhakikisha linabanduka."

Akanifundisha: maji yaliyochemshwa na chumvi kidogo, kitone kimoja kimoja puani kabla ya kunyonyesha, kumvuta kamasi, kumnyonyesha kidogo kidogo mara nyingi ili ute usizidi kuwa mzito, asilale chali, na akilala pawe na mtu macho, asikae karibu na moshi, kanga iliyoloweshwa itundikwe dirishani. Nikamuuliza mpaka lini. "Mpaka koo likaze. Mwaka. Huenda na zaidi." Mama mkwe, aliyekuwa amenisindikiza, akauliza kwa adabu, "Na kimio, Sista? Kwetu visiwani mtoto wa namna hii hukatwa kimio." Sista Kadzo aligeuka, akapaza sauti hata wanawake waliokuwa kwenye benchi nje wakanyanyua shingo. "Mama, mkate mtoto huyu kimio, kisha uende ukamchimbie kaburi!" Kabla hatujafika nyumbani, Shela nzima ilikwisha kujua kwamba Bi Zuhura anataka kumkata mjukuu wake. Lakini hawakuona nilichokiona mimi alasiri ile. Nilipotoka uani nilimkuta mama mkwe amechutama kando ya jiko, ana mfuko ule mdomoni, anapuliza, mishipa ya shingo imemtoka. Hakusikia nikija. Tangu siku ile, neno kimio halikumtoka tena.

Vijana wa leo huniambia, mwaka ni kitu gani. Mwaka ni kuoga haraka huku mlango wa choo uko wazi ili usikie. Ni kulala umekaa, mtoto kifudifudi kifuani pako, mpaka mgongo unasahau kunyooka. Mama mkwe alinilisha kwa mkono wake mwezi hadi mwezi, akifanya matonge ya wali na samaki aliyechambua miba, akinitia kinywani kama kifaranga, kwa kuwa mikono yangu miwili ilikuwa na kazi. Kwa ajili ya moshi alihamisha jiko hadi pembe ya mwisho ya ua, juani, akapika huko kichwani ana taulo mbichi. Kanga ya dirishani niliilowesha mara nyingi kwa siku mpaka rangi zikachujuka. Mvua zilipoanza watu walifurahi, mimi nilifurahi kwa unyevu wake. Kumbe mvua ilikuja na mafua. Kutoka upande wa pili wa ukuta nilisikia mabibi wawili wakichambua mchicha. Mmoja alisema, "Yule wa kukoroma bado yupo?" Mwenziwe akajibu, "Yupo. Lakini hafiki mbali, masikini. Heri Mungu amchukue, mamake apumzike." Nilikaa nikangoja nichukizwe na maneno yale. Sikuchukizwa. Hilo ndilo lililonitisha.

Mafua yale yalidumu siku tisa. Balghamu ilikuwa ya kijani, inavutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Nilimtonea maji ya chumvi, nikamnyonya pua kwa mdomo wangu, nikatema, nikamtonea tena. Siku ya tisa, mchana, koo lilifunga nikiwa namtazama. Nilihesabu. Nilipofika ishirini na tatu alikuwa rangi ya zambarau, na mikono iliyokuwa ikipapatika ilikuwa imetulia. Kisha likabanduka. Akavuta, akalia, akalala. Mimi nilibaki nimeshika kichupa cha maji ya chumvi, nikajua kwamba siwezi tena. Hivyo tu. Sikuwa na hasira na Sista Kadzo wala na Mungu. Nilitaka pawe na kitu ndani ya koo lile, kitu chenye umbo, ambacho mtu anaweza kukikata akakitupa, yaishe. Kungoja koo likaze hakukuwa na mahali pa kushika.

Jirani yangu Mwanapili alikuwa na mtoto aliyekohoa miezi, akakatwa kimio akapona, au alisema amepona. Aliwahi kunielekeza kwa mtu mmoja upande wa Kakuyuni. Asubuhi moja ya Jumatano nilimwambia mama mkwe ninakwenda kliniki kumpima mtoto uzani. Aliinua macho kutoka kwenye unga aliokuwa akikanda. "Nikusindikize?" akauliza. Nikamwambia apumzike, amechoka. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye unga wake.

Watu wakiwasimulia wakataji vimio huwafanya kama mashetani. Yule hakuwa hivyo. Alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye uwanja uliofagiwa vizuri. Alikitia kisu chake katika maji ya moto, akatupangusia kigoda. Alimlaza Athman mapajani, akakandamiza ulimi kwa kijiti kilichopasuliwa, akautazama mdomo ule kwenye mwanga wa jua kwa muda mrefu. Athman alianza mlio wake. Yule bwana akakunja uso. "Mama," akaniambia, "kimio chake ni kidogo. Sioni kama ndicho kinachoziba." Nikampangusa Athman mate mdomoni. "Unataka nikate?" Maneno hayo ndiyo niliyoishi nayo, si kisu. Aliniuliza. Alinipa mlango wa kutokea, nami nilikuwa nimesoma hadi darasa la saba, nilikuwa nimepuliza mfuko ule kwa kinywa changu mwenyewe, nilijua vizuri kuliko yeye. Nikasema, "Kata."

Ilikwisha upesi kuliko kukata kitovu. Alinionyesha kipande chenyewe kiganjani: kidogo mno, kama punje ya wali. Akapaka unga wa dawa kwenye kidonda ili damu ikauke.

Tulikuwa barabarani tukisubiri gari nilipoelewa nilichokifanya. Athman alikuwa amelia tangu atoke mapajani kwa yule bwana, na kilio kwake kilikuwa hatari siku zote, kwa sababu kila akivuta kwa nguvu ndivyo koo lilivyozidi kuanguka. Sasa mle kooni kulikuwa na damu, na unga, na balghamu iliyobaki ya mafua, vyote vimekandwa pamoja. Kilio kikakatika. Nikangoja kishindo. Hakikuja. Nilimgeuza kifudifudi mkononi nikampiga mgongoni, hakikuja. Nikaweka mdomo wangu juu ya pua yake na mdomo wake nikavuta, nikapata ladha ya damu, nikatema, nikavuta tena, na ilikuwa kama kuvuta ukuta. Mwanamke aliyekuwa akiuza mihogo pale kando alinijia mbio akauliza, "Ana nini? Ana nini?" nami sikuwa na kinywa cha kumjibu. Kichupa cha maji ya chumvi kilikuwa mkobani. Nikakimimina puani kwake, si vitone, bali nusu ya kichupa, nikamgeuza, nikavuta. Mara ya tatu kitu kilibanduka. Kilitoka kirefu, cheusi, kinanata, kikaniingia kinywani. Athman akavuta hewa kwa mlio ule ule mbaya, mlio wa kiti sakafuni, na sijawahi kusikia sauti tamu kama ile maishani mwangu. Yule mwanamke alisimama katikati ya barabara na mikono juu, akalisimamisha lori la mchanga.

Hospitalini walimlaza siku kumi na moja. Mama mkwe alifika kabla ya adhuhuri, buibui limepinda, unga umekauka viganjani. Sista Kadzo alitoka kwenye chumba cha watoto, akavua glavu, akatutazama sote wawili. Hakupaza sauti safari hii. "Nani amemkata?" Nikafungua kinywa. Mama mkwe akanitangulia. "Ni mimi, Sista. Ulinikataza, nikafanya." Sista Kadzo alimwambia maneno ambayo sitayaandika. Mama mkwe aliyapokea ameinamisha kichwa, kama mtu anayemiminiwa maji. Jioni Swaleh alifika kutoka Gongoni, suruali yake nyeupe kwa chumvi hadi magotini. Alikuwa amekwisha kusikia langoni. Hakumwamkia mamake. Akamwambia, "Kuanzia leo usimguse mwanangu." Naye akajibu, "Nimesikia, baba."

Nilimfuata penye bomba, alikokwenda kunawa ule unga. "Kwa nini, Mama?"

Aliendelea kusugua kucha. "Angekuacha. Mtu mwenye hasira hutoa talaka kabla hajakaa chini. Ungerudi kwenu, naye angemchukua mwanawe, na mtoto yule bila maziwa yako na mdomo wako hamalizi mwezi. Mimi hawezi kuniacha. Mama hapewi talaka."

"Lakini hukufanya wewe."

Ndipo aliponitazama. "Uliniambia unakwenda kliniki," akasema. "Kliniki ya watoto ni Jumanne. Nilijua, mwanangu. Ningeweza kukufuata hadi njia panda nikakurudisha. Nilikaa nikakanda unga. Na mimi pia nilikuwa nimechoka." Akafunga bomba. "Kwa hiyo sikusema uongo mwingi."

Miezi iliyofuata sijui niieleze vipi. Kutoka Jumamosi jioni hadi Alhamisi alimbeba mjukuu wake kama zamani, akimtonea, akimlaza kifuani, akinipa nafasi nilale. Ijumaa asubuhi alinikabidhi, akaenda kukaa kwenye chumba chake na mlango ameurudisha. Swaleh hakula alichopika mamake. Aliuliza, "Nani amepika?" nami nilijibu, "Mimi," wakati mchuzi ule ulikuwa na mkono wa mama mkwe ndani yake kuanzia nazi hadi chumvi. Alikula akasifu. Nilimsikia mama mkwe akikohoa upande wa pili wa ukumbi, nikatamani anisute, hata mara moja. Hakunisuta. Nilijiambia nitasema mtoto akipata nafuu. Alipopata nafuu nikajiambia nitasema akitembea. Swaleh alikuja kumsamehe mamake, lakini kwa namna ya mtu anayesamehe bila kusahau. Amefariki bila kujua. Uoga wangu haukuwa wa siku moja, Athman. Ulikuwa wa kila Ijumaa.

Koo lako halikutangaza siku lililokaza. Mlio ulipungua kidogo kidogo mpaka tukawa hatuusikii kwa mazoea. Ulikuwa umetimiza mwaka na miezi kama miwili. Ilikuwa Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, baba yako amekaa barazani na redio, wewe umelala chumbani, mimi niko uani nachagua mchele. Ghafla niligundua kwamba hakuna sauti. Nikangoja kishindo. Nikahesabu, nikapita idadi zote nilizozijua, nikaendelea. Ungo ulinitoka magotini. Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimekimbilia chumba kile mara nyingi mno, na mara hii sikutaka kukiona kilichomo. Nikaita, "Mama!" na sijui sauti yangu ilikuwaje, kwa sababu mlango wake ulifunguka ukagonga ukuta, akapita mbele ya mwanawe bila kumtazama, Ijumaa ile, akaingia. Baba yako akamfuata. Nikasikia redio ikizimwa. Kisha sikusikia chochote, wala kilio wala neno, na nikajua imekwisha.

Nilijikokota nikishika ukuta hadi mlangoni. Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ameuinua kutunyamazisha, mwingine ameuweka juu ya tumbo lako. Ulikuwa umelala chali, ulivyokatazwa kulala tangu kuzaliwa, mdomo umefunga, na kiganja chake kilikuwa kinapanda na kushuka. Hapakuwa na sauti yoyote. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka kama kwa watoto wa watu. "Nyamazeni," akasema kwa kunong'ona. "Analala." Baba yako alikitazama kiganja kile cha mamake kwa muda mrefu. Hakumwambia akiondoe. Polepole akakaa chini sakafuni, karibu na miguu yake, akaegemeza kichwa ukingoni mwa kitanda. Nilisimama pale na vumbi la mchele mikononi, nikaona kwamba wakati ndio huu, hautakuja mwingine. Nikafungua kinywa. Mama mkwe wangu akanitazama juu ya kichwa cha mwanawe, akatikisa kichwa mara moja, taratibu, nami nikakifunga.